Unguja ni Mbali Kadiri Gani?



Usiku huu nataka kusema nanyi habari ya swali ambalo kila mtu wa Magogoni hudhani alilijua jibu lake tangu utotoni. Swali lenyewe ni hili: kutoka Dar es Salaam hata Unguja ni mbali kadiri gani? Nendeni asubuhi penye soko la samaki mkawaulize watu wanne, nanyi mtapata majibu manne. Mvuvi mzee atasema, "Ni usiku mmoja, upepo ukikubali." Karani wa tikiti za boti atasema, "Saa mbili." Kijana mwenye haraka atasema, "Dakika 20 kwa ndege." Na mwanafunzi, kama amefundishwa vema, atasema, "Maili 45." Hapana hata mmoja katika hao aliyesema uongo. Walakini mtu akilichukua jibu la mmoja akalitumia kwa safari ya mwingine aweza kupata hasara, na hasara nyingine hazina fidia, kama mtakavyosikia.

Mimi ni mwalimu wa walimu, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaonyesha vijana namna ya kufundisha jiografia. Basi nitaanza kama nianzavyo darasani, yaani kwa ramani. Aliye na ramani nyumbani na aitandaze mezani. Asiye nayo na afumbe macho anifuate.

Viwanja viwili vya ndege ninavyovitaja ni hivi. Cha kwanza ni kile cha Dar es Salaam, kilichoko upande wa Kipawa, ambacho sasa huitwa kwa jina la Julius Nyerere. Cha pili ni kile cha Unguja, ambacho wazee bado hukiita Kisauni, na ambacho jina lake rasmi sasa ni la Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Tazameni mistari ya longitudo, ile ishukayo kutoka kaskazini kwenda kusini. Kiwanja cha Dar es Salaam kipo karibu na mstari wa digrii 39 na dakika 12 mashariki. Cha Unguja kipo digrii 39 na dakika 13 na nusu. Maana yake ni kwamba viwanja hivi vimekaa karibu sawasawa juu ya mstari mmoja. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja haendi mashariki, kama wengi wadhanivyo kwa sababu bahari yetu iko mashariki. Aenda kaskazini, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula.

Sasa tazameni mistari ya latitudo, ile ilalayo. Kiwanja cha Dar es Salaam kipo digrii 6 na dakika 52 na robo tatu kusini ya Ikweta, na kile cha Unguja digrii 6 na dakika 13 na kitu. Toeni hesabu: tofauti ni dakika 39 na ushei. Dakika hizi si dakika za saa ya ukutani. Ni vipande vya digrii, na digrii moja ina vipande 60. Nazo zina faida moja kubwa ambayo mabaharia wameijua zamani sana: kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yenye meta 1,852. Kwa hiyo mtoto wa shule, bila chombo chochote ila ramani na kalamu, aweza kusema kwamba kati ya kiwanja na kiwanja pana maili 39 na kitu za baharini. Akizigeuza kuwa maili za nchi kavu atapata 45, na akizigeuza kuwa kilometa atapata 73. Ni karibu sana. Barabarani ni kama mtu anayetoka Dar es Salaam akaipita Bagamoyo kidogo tu.

Ningependa pia mwone jambo jingine ambalo mimi mwenyewe hupenda kuwaonyesha wanafunzi, kwa sababu huwashangaza. Pimeni sasa umbali wa bandari kwa bandari. Gati la boti za Unguja hapa mjini lipo kadiri ya digrii 6 na dakika 49, na bandari ya Malindi kule Unguja ipo kadiri ya digrii 6 na dakika 9 na nusu. Tofauti ni dakika 39 na nusu! Yaani anayekwenda kwa boti na anayekwenda kwa ndege wana karibu umbali ule ule, kwa kuwa miji hii miwili imejengwa kwa mfano mmoja: bandari iko mbele, upande wa kaskazini, na kiwanja cha ndege kiko nyuma, upande wa kusini. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kwa ndege ni karibu kuliko kwa boti, mwambieni kwa adabu kwamba si karibu. Ni upesi tu. Na kama upesi huo wamfaa yeye au haumfai, hilo ndilo nitakalolisema usiku huu.

Tuanze na chombo cha kale. Jahazi halina saa mbili wala saa kumi. Jahazi lina upepo. Kuanzia Aprili hata karibu na Oktoba huvuma kusi, nayo yatoka kusini. Nahodha anayekwenda Unguja hutweka tanga lake, naye huwa na upepo mgongoni. Akiondoka hapa jioni, asubuhi yuaweza kuwa mbele ya Forodhani. Lakini kuanzia Desemba hata Machi huvuma kaskazi, nayo yatoka kule kule anakotaka kwenda. Hapo hana budi kwenda mshazari, mara huku mara huku, na maili 40 za ramani zaweza kuwa 70 au 80 chini ya mkuku wa chombo chake. Kwa hiyo babu zetu waliposema kwamba Unguja ni mbali wakati wa kaskazi na karibu wakati wa kusi, hawakusema kwa ujinga. Walikuwa wakihesabu njia waliyoipita kweli.

Yawezekana mtu akasema, "Mwalimu, hayo yamepita. Ndege haina tanga." Ni kweli haina tanga, lakini upepo haujaisahau. Ndege ya chuma hufuata desturi ya ndege wa angani: hupaa ikiukabili upepo, na hutua ikiukabili upepo. Kwa ajili hiyo njia za kupaa na kutua haziwekwi ovyo. Njia kubwa ya kiwanja cha Dar es Salaam imelazwa kutoka kusini-magharibi hata kaskazini-mashariki, na ile ya Unguja imelazwa kusini kwa kaskazini, karibu sawa na sindano ya dira. Basi fikirini. Wakati wa kaskazi rubani huondoka hapa akielekea kaskazini-mashariki, akajipinda kidogo mkono wa kushoto, naye amekwisha shika njia. Akifika Unguja, huikuta njia ya kutua imelala mbele yake, akashuka moja kwa moja. Lakini wakati wa kusi mara nyingi huondoka akielekea kusini-magharibi, yaani akiipa Unguja kisogo, ndipo ageuke. Na akifika hukipita kiwanja, akazunguka, akarudi kutua akielekea kusini.

Angalieni jambo hili la ajabu. Kusi ile ile iliyokuwa rafiki wa jahazi yaizungusha ndege mwanzo na mwisho, na kaskazi iliyokuwa adui wa jahazi yaifungulia njia. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Sisemi kwamba mzunguko huo ni mkubwa. Ni dakika chache tu. Lakini katika safari fupi kama hii dakika chache ni fungu kubwa.

Ndege ndogo ya injini moja, kama ile Cessna Caravan inayochukua abiria 12 hivi, hukimbia kadiri ya kilometa 300 kwa saa. Gawanyeni 73 kwa 300, mtaona kwamba ingepasa kufika kwa muda wa dakika 15 pungufu kidogo. Mbona basi ratiba huandika dakika 20, au 25, au hata 30? Ni kwa sababu ndege haianzi kwa mbio zake zote. Yatembea chini kama motokaa mpaka mwanzo wa njia, hungoja zamu, hupanda polepole, na haijakaa sawa juu ila imekwisha anza kushuka. Ndege kubwa zaidi yenye mapangaboi mawili ina mbio nyingi kuliko hiyo, lakini kwa Unguja haipati nafasi ya kuzionyesha. Ni kama farasi wa mashindano aliyefungiwa katika ua wa nyumba.

Kuna safari iliyo fupi kupita hii. Huko Uskochi, katika visiwa vya Orkney, ndege huruka kati ya kisiwa cha Westray na kisiwa cha Papa Westray, mwendo wa kilometa 2.7 tu, na ratiba yake ni dakika 2. Hakuna safari ya abiria ya ratiba iliyo fupi kuliko hiyo duniani. Watu wa huko wana bahari yenye baridi na mawimbi makali, nao hawaoni ajabu kupanda ndege kwa dakika 2. Kwa hiyo wala sisi tusione aibu kwa dakika zetu 20.

Na tusidhani kwamba eropleni ni jambo la juzi katika mji huu. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Wilson, ilikuwa ikichukua barua na abiria katika miaka ya 1930 kwa njia ya pwani: Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Na tangu mwaka 1937 zilianza kupita hapa ndege za ajabu za Imperial Airways zilizotua juu ya maji. Zilitoka Southampton kule Uingereza, zikapita Misri, zikafuata Mto Nili hata Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea hata Durban. Hazikuhitaji kiwanja. Kiwanja chao kilikuwa bandari yetu hii hii, mbele ya Magogoni! Nami nikifikiri habari hiyo huona wivu kidogo, kwa maana abiria wa siku zile alishuka ndani ya mashua, akapanda ngazi, akawa mjini. Mambo yalibadilika. Mwaka 1946 likaundwa shirika la East African Airways, likafanya kazi mpaka lilipovunjika mwaka 1977, na mwaka ule ule likaanzishwa la Air Tanzania. Ndege zikawa kubwa, zikataka njia ndefu za kukimbilia, na njia ndefu haziwezi kuwekwa katikati ya mji. Kwa hiyo ndege zilipozidi mbio, viwanja vilizidi kuwa mbali na watu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami nitawaeleza kwa habari ya jirani yangu mmoja wa Kariakoo. Jina lake sitalitaja, lakini amenipa ruhusa niyaseme haya.

Bwana huyu ni mfanyabiashara wa nguo, mtu mpole, mwenye kushika dini yake. Alizaliwa Unguja, na mama yake alipofariki angali mchanga alilelewa na mama yake mkubwa. Bibi huyo alimlea, akamsomesha, akamwoza. Alfajiri moja, katika mwezi wa masika, akapigiwa simu: mama mkubwa amefariki usiku, na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Nanyi mwajua kwamba Waislamu hawacheleweshi maiti. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, boti ya kwanza ya asubuhi bado hujaikosa. Shuka sasa hivi." Yeye akajibu, "Boti ni saa mbili baharini, na mawimbi haya! Ndege ni dakika 20. Nitaondoka na ndege ya saa nne, na saa nne na nusu niko Unguja."

Hakukosa kitu katika maneno hayo. Ndege ni dakika 20. Aliondoka Kariakoo saa mbili u nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, na Barabara ya Nyerere, ile tuliyoiita zamani Pugu Road, ilijaa magari toka Gerezani. Saa tatu na nusu alikuwa bado hajalifikia daraja la juu pale Tazara. Alipofika kiwanjani, mlango wa abiria wa ndege ile ulikuwa umefungwa. Akapewa nafasi katika ndege iliyofuata. Wingu likashuka, na ndege ikangoja wingu. Hapana wa kulaumiwa hapo. Rubani asiyeona njia afanya vema kungoja. Wakaruka saa saba kasorobo, na hakika safari ilikuwa ya dakika 20, wala haikuzidi. Alipotoka nje ya kiwanja cha Unguja akapanda taksi kwenda makaburini Mwanakwerekwe, ambako si mbali na kiwanja. Njiani akakutana na watu wa kanzu wakirudi kwa miguu, na miongoni mwao akamwona mtoto wa mjomba wake, naye ana udongo mikononi.

Aliporudi Dar es Salaam, nilikwenda kumpa pole. Tulikaa barazani, na baada ya kimya kirefu akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Ilikuwaje dakika 20 zikanila siku nzima?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, zile dakika 20 hazikukudhulumu. Ni za kweli. Lakini ni za kiwanja kwa kiwanja, na wewe hukai kiwanjani, wala marehemu hakukaa kiwanjani." Akatikisa kichwa, akasema, "Mke wangu aliyajua hayo bila kwenda shule."

Kwa ajili yake nilichukua karatasi nikaandika hesabu ya safari nzima, mlango kwa mlango, nami nawasomea hapa kama nilivyoiandika. Chukueni mtu anayekaa Magogoni au Kariakoo, mwenye shughuli katika Mji Mkongwe, siku isiyo na mvua wala matatizo. Akienda kwa ndege, kutoka mjini hata kiwanjani ni kilometa 12 hivi. Asubuhi na aweke dakika 45, na huo ni ukarimu kwa barabara ile. Yampasa kufika kabla ya saa ya kuondoka, apimwe mizigo, akaguliwe, aketi. Hiyo ni saa moja na robo. Angani dakika 20 au 25. Kushuka na kuchukua mzigo, robo saa. Kutoka Kisauni hata Mji Mkongwe ni kilometa 7 hivi, dakika 20. Jumla yapata saa tatu.

Akienda kwa boti, kutoka Magogoni hata gatini aweza kutembea kwa miguu kwa dakika 20, na kutoka Kariakoo si zaidi sana. Yampasa kuwapo robo tatu ya saa kabla. Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na mwendo wa taratibu wa kutoka katika mlango mwembamba wa bandari yetu. Kushuka Malindi, dakika 10, naye yumo ndani ya Mji Mkongwe bila kupanda chombo kingine. Jumla ni saa tatu na robo.

Mmesikia? Saa tatu, na saa tatu na robo! Ndege imeshinda kwa robo saa, na robo saa hiyo yaweza kupotea kwa gari moja lililoharibika penye njia panda. Ile safari ya angani, ambayo twaisifu, ni fungu moja tu katika mafungu manane au tisa ya safari nzima. Hata leo wakivumbua ndege ya kwenda Unguja kwa dakika 5, mtu wa Magogoni atafika kwa saa mbili na dakika 40. Lakini wakimfupishia barabara ya kiwanjani kwa nusu saa, amepata zaidi kuliko hapo, wala hawakugusa ndege. Ndiyo maana mimi niliona daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa pale Tazara mwaka 2018, kuwa ni sehemu ya safari ya Unguja, ijapokuwa halina bahari wala mabawa.

Walakini sikuja hapa kuwauzia tikiti za boti. Hesabu ile ni ya mtu wa Magogoni. Mtu akaaye Gongo la Mboto au Ukonga ana kiwanja mlangoni pake, na bandari kwake ndiyo safari. Ndege itamfikisha upesi zaidi, kwa saa nzima na kupita. Kadhalika mtu atokaye Mwanza au Mbeya kwa ndege: amekwisha fika kiwanjani, na kushuka mjini kutafuta boti kungekuwa kazi bure. Na kuna mgonjwa. Mtu aliyetoka Unguja kuja kutibiwa hospitali ya Muhimbili, akawa hawezi kustahimili mawimbi, huyo hahesabu robo saa, ahesabu misukosuko.

Bahari nayo si ya kuchezea. Tarehe 18 Julai mwaka 2012 boti iitwayo Skagit iliondoka hapa Dar es Salaam mchana, upepo ukiwa mkali, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikiwa imekwisha karibia Unguja, na watu wengi walipoteza maisha. Tazameni mwezi wenyewe: Julai, wakati wa kusi. Mnara wa taa wa Chumbe umesimama pale tangu mwaka 1904, na kila nahodha aujua. Kwa hiyo mtu akikataa kupanda boti siku ambayo mamlaka imetoa onyo la upepo, asichekwe. Boti ikiahirishwa, hesabu yangu yote ya saa tatu na robo imekufa, kama ya ndege ilivyokufa siku ya wingu.

Kabla sijaendelea, nina neno juu ya saa, kwa sababu watu wengi wamekosa ndege si kwa ajili ya barabara bali kwa ajili ya kusoma. Tikiti za ndege huandikwa kwa saa za Kizungu, kuanzia usiku wa manane hata 24. Sisi twahesabu tangu jua kuchomoza. Mtu aonaye 07.00 akadhani ni saa saba mchana atafika kiwanjani akiwa amechelewa kwa saa sita. Dawa yake ni nyepesi: toeni sita. Saa 07.00 ni saa moja asubuhi. Saa 13.00 ni saa saba mchana. Saa 18.00 ni saa kumi na mbili jioni. Ikiwa jibu limepita kumi na mbili, toeni kumi na mbili tena: 20.00 ukitoa sita ni 14, ukitoa kumi na mbili ni saa mbili usiku. Na ikiwa ni kabla ya 07.00, ongezeni sita: 05.00 ni saa kumi na moja alfajiri. Wafundisheni watoto jambo hili kwa tikiti ya kweli, si ubaoni tu. Ndio watakaowasomea bibi na babu zao.

Sasa tuvichukue visiwa viwili vingine, tuone kama kipimo kile chafaa huko. Kutoka kiwanja cha Dar es Salaam hata kile cha Mafia ni maili 68 hivi za baharini, yaani kilometa kama 126. Kutoka kiwanja cha Unguja hata kile cha Pemba, kilichoko karibu na Chake Chake, ni maili 68 vilevile! Nilipozipima mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikapima tena. Ndege yatumia kadiri ya nusu saa katika kila safari hizo mbili. Basi kwa mujibu wa ndege, Mafia na Pemba ziko mbali sawasawa.

Lakini muulizeni mtu wa Mafia. Anayekwenda kwa njia ya chini hutoka Dar es Salaam kwa basi, akashuka kusini kwa mwendo wa saa nyingi hata Nyamisati penye mlango wa Rufiji, akangoja chombo na maji kujaa, kisha akavuka. Siku imekwisha, na pengine siku ya pili imeanza. Kwake yeye ndege haikushinda kwa robo saa; imeshinda kwa mchana mzima. Kwa hiyo huko Mafia, kiwanja kile kidogo kina kazi kubwa kuliko kiwanja chetu kikubwa katika habari ya safari fupi: mwenye uchungu wa kuzaa uliopita kiasi, mwenye kuumwa na nyoka, mwenye mtihani, wote hao hutazama juu. Mtu akipimia kwa maili ataiona Mafia ni mara moja na robo tatu ya Unguja. Akipimia kwa siku za watu, ni mara nne au tano.

Nilimpa jirani yangu karatasi ile ya hesabu. Ameibandika dukani kwake Kariakoo, ukutani nyuma ya majora ya khanga, na chini yake ameongeza kwa mkono wake saa za boti na saa za ndege. Wateja wenye jamaa zao Unguja huisoma wakingoja kukatiwa kitambaa, na mmoja amemsahihisha: asema kutoka Magogoni hata gatini si dakika 20 bali 25, kwa mwenye mtoto mgongoni.

Wiki ijayo, saa hii hii, nitasema habari za maji kujaa na kupwa katika mlango wa Kigamboni. Kwaherini.